Konokono Mia Mbili na Kumi na Nne

Ožbolt hufufua vibao vya mizinga ya nyuki,
mbao fupi zilizochorwa zamani
ili kila nyuki aijue nyumba yake
asije akabisha hodi kwa jirani.

Kuna mafundi cherehani watatu wakimkimbia konokono.
Kuna mwindaji aliyekufa, jeneza limebebwa na sungura,
mbweha ndiye anayesoma sala.
Kuna shetani anayemnolea bibi ulimi kwenye jiwe.

Mimi ndiye niliyevipiga picha,
dirisha la kaskazini, theluji ya Bohinj ikinikopesha mwanga.
Mia mbili na kumi na vinne.
Chini ya kila kimoja nikaandika habari zake:
kilitoka ghala la nani, nani alikipigilia misumari,
rangi gani ililiwa na jua.

Miaka sita watu waliingia kwa mlango.
Aliyemfuata konokono alimkuta na mwindaji,
akakaa, akasoma, akauliza bei ya nakala.
Tukalipia seva. Tukanunua buluu, ambayo ni ghali.
Mchovya asali hachovyi mara moja,
nikajiambia, na takwimu zikanikubalia.

Kisha mtambo wa kutafuta
ukabandika kialama pembeni ya kila picha,
mfano wa utepe wa kitabu.
Gusa: konokono ni wako.
Amelala kwenye kabati lako la mtandaoni
kati ya jiko unalolitamani na viatu vya harusi.
Hukuingia kwetu. Hukujua kwamba tuna mlango.

Mwezi wa pili tulionekana mara elfu kumi na moja.
Walioingia: thelathini na wanane,
na mmoja wao ni mimi, nikiangalia kama tovuti ipo hai.

“Wameiba?” akauliza Ožbolt.
Hapana.
“Wamenunua?”
Hapana.
“Sasa wamefanya nini?”
Wamehifadhi.

Akalitafuna neno hilo pamoja na mkate.
Yeye amehifadhi miaka arobaini,
kwa brashi ya nywele tatu, pumzi ameizuia.

Tungeweza kuuambia mtambo usitutazame;
kuna mstari mmoja wa kuandika, nao hutii.
Lakini duka lililoziba madirisha,
nani atajua kuna taa ndani?
Tungeweza kupitisha jina la Ožbolt juu ya gamba la konokono.
Akakataa: “Aliyemchora hakuandika lake.”

Hasira ilibaki kwangu.
Usiku mmoja nikabadilisha majina ya faili zote,
moja moja hadi alfajiri,
kama mtu anayebadili kufuli
na ndugu zake wapo safarini.

Mwezi wa tano ikaja barua kutoka Bariloche, Argentina.
Vilma Kržišnik, miaka themanini na mmoja,
anaandika lugha yetu kwa maneno ya babu yake,
mengine huku tulishayazika.
“Konokono wenu nimekaa naye miaka mitatu.
Usiku nikikosa usingizi humfungua nikamtazama.
Jana mjukuu kanionyesha kwamba picha ikiguswa
inakupeleka kwao. Nikagusa.
Nikaambiwa: unachotafuta hakipo.
Je, mzee amefariki?”

Nilimsomea Ožbolt.
Alicheka hadi akaweka brashi chini.
“Mwambie bado. Mwambie imebaki pembe moja.”

Nikarudisha majina ya zamani, yote,
macho yakiniwasha,
na chini ya konokono nikaongeza sentensi:
*Ukifika hapa ukiwa umembeba, karibu.*

Vilma ameagiza nakala mbili.
Hazilipi hata nusu mwezi wa seva.

Kinachoninyima usingizi ni ile miezi miwili:
wangapi walifika na picha mkononi,
wakasukuma, wakasoma kwamba hatupo,
wakageuka.
Mtambo unahesabu kila jicho lililopita.
Hao hauwahesabu.